Ukisikia King'ora: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Madereva wa Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Majibu haya ni ya mtu wa gari dogo, matatu, lori, trekta na bodaboda anayetumia barabara ya A8 kutoka Naivasha hadi Malaba, au zile za Kisumu, Kericho, Kakamega na Busia. Kenya tunaendesha kushoto, kwa hivyo karibu kila jibu linaanzia hapo: kushoto ni kwako, kulia mwachie mwenye haraka.

Nimesikia king'ora lakini sioni gari lolote. Nianze na nini?

Usifunge breki. Ondoa mguu kwenye mafuta, baki kwenye leni yako, zima redio, shusha kioo kidogo. Kisha tazama kwa mpangilio: kioo cha ndani, kioo cha kulia, kioo cha kushoto, halafu mbele kabisa na kwenye barabara zinazoingia pembeni. Watu wengi husahau kutazama mbele, ilhali ambulensi inaweza kuwa inakuja uso kwa uso nawe, kwenye leni yako.

Sauti hudanganya mjini. Pale Kenyatta Avenue, Nakuru, au Oginga Odinga Street, Kisumu, mlio hugonga kuta za maghorofa na kurudi, ukadhani gari liko nyuma kumbe linatoka barabara ya kando. Sikiliza unavyobadilika: ukizidi kuwa mkali unakukaribia, ukishuka ghafla gari limeshapita. Mlio mrefu wa kupanda na kushuka ukigeuka kuwa wa haraka haraka, mara nyingi dereva amefika makutano, au kuna mtu amemzibia njia. Hakikisha si wewe.

Ukiwa na vioo vimefungwa na muziki juu, king'ora hukufikia kikiwa karibu mno. Gari la kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Sekunde 5 za kujiuliza "ni nini hicho?" ni mita 110.

Kupisha hasa ni kufanya nini, hatua kwa hatua?

Washa indiketa ya kushoto kwanza, kabla usukani haujageuka. Punguza mwendo polepole. Sogea kushoto kadiri barabara inavyoruhusu, nyoosha magurudumu yatazame mbele, kisha endelea kwa mwendo mdogo sana au simama. Tulia hapo. Likishapita, angalia nyuma kama kuna la pili, washa indiketa ya kulia, ingia barabarani.

Indiketa ndiyo inayofanya kazi kubwa hapa. Dereva wa ambulensi haendeshi kwa kubahatisha. Anasoma nia ya kila gari lililo mbele yake na kuchagua njia akiwa bado mita mia moja nyuma. Indiketa ya kushoto humwambia, "Nimekuona, pita kulia." Hazadi, yaani indiketa zote mbili zikiwaka pamoja, hazimwambii chochote kuhusu upande unaokwenda, na anaweza kudhani gari limeharibika. Ukishasimama pembeni, hapo sawa, washa hazadi.

Anayeendesha polepole si tatizo kubwa; atapitwa tu. Wa kuogopwa ni aliyeshtuka: anafunga breki katikati ya barabara, anakimbilia kulia kwa sababu ameona nafasi, kisha anabadili mawazo. Kumbuka nyuma mle ndani huenda kuna muuguzi amesimama akibana kifua cha mgonjwa, au mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Ambulensi ikilazimika kupiga breki kali, mgonjwa amefungwa mikanda lakini muuguzi hajafungwa. Ikiyumba kukukwepa, dripu inang'oka.

Lazima nisimame kabisa?

Si kila mara. Barabara ikiwa na leni mbili za upande wako na ya kulia iko wazi, kupunguza mwendo na kubaki kushoto kunatosha. Barabara nyembamba ya kwenda na kurudi, kama sehemu nyingi za Kisumu–Busia au Chavakali–Kapsabet, simama ikiwa pembeni pana nafasi salama.

Usisimame kwenye kona, kwenye mgongo wa mlima, juu ya daraja, wala pale penye mstari usiokatika katikati ambapo huoni mbele. Ukisimama hapo unamlazimisha wa ambulensi akupite bila kuona anayekuja. Endelea kwa mwendo wako wa kawaida hadi barabara inyooke, huku indiketa ya kushoto ikiwa imezimwa, kisha umpishe. Atangoja sekunde 15 akilalamika kwa king'ora. Mwache alalamike.

Ukingo wa lami umemomonyoka. Nitoke nje ya barabara hivyo hivyo?

Hili ndilo huangusha magari mengi ya watu wenye nia njema. Pale ambapo lami imeinuka juu ya udongo kwa kimo cha kiganja, usiteremke na mwendo wa 70 au 80. Punguza kwanza ukiwa bado juu ya lami mpaka chini ya kilomita 30 kwa saa, ndipo utoe tairi za kushoto.

Zikishateremka bila kukusudia, usikate usukani kulia kwa nguvu. Tairi husugua ukingo, hukataa kupanda, unaongeza usukani, kisha inapanda kwa ghafla na gari linarushwa upande wa magari yanayokuja au linabingirika. Shika usukani ukiwa umenyooka, acha mwendo ufe wenyewe, tafuta mahali ukingo ni mfupi, ndipo urudi.

Udongo nao una tabia zake. Uwanda wa Kano, kuanzia Ahero kuja Kisumu, ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unanasa gari dogo hadi bampa, kwa hivyo bakiza tairi za kulia juu ya lami. Upande wa Nakuru tatizo ni vumbi. Ukitoka nje ya lami kwa kasi wakati wa kiangazi unatimua wingu ambalo dereva wa ambulensi ataingia ndani yake akiwa kipofu.

Tuko kwenye jam, hakuna anayesonga. Nipishe wapi?

Jibu la swali hili hutolewa kabla king'ora hakijasikika. Unaposimama nyuma ya gari jingine, acha nafasi ya kuona tairi zake za nyuma zikigusa lami. Nafasi hiyo inakuwezesha kukata usukani na kutoka bila kurudi nyuma. Ukimbana wa mbele mpaka bampa zinakaribia kubusiana, na wa nyuma akakubana vivyo hivyo, hata ukitaka kupisha huwezi.

Kwenye barabara ya leni moja kila upande, nyote wa upande wenu sogeeni kushoto, na wanaokuja nao wasogee kushoto kwao. Katikati hufunguka uchochoro. Gari la zimamoto lina upana wa takriban mita 2.5 bila vioo, kwa hivyo mita 3 ndizo za kulenga.

Kwenye leni mbili za upande mmoja, kama kati ya Lanet na njia panda ya Njoro, magari yakiwa yanatembea, leni ya kulia ihame kushoto. Yakiwa yamesimama na leni zote zimejaa, wa kulia hana pa kwenda kushoto: abane ukuta wa katikati, wa kushoto abane ukingo, gari lipite baina yao. Anza kusogea aliye mbele zaidi. Ukianza wewe wa nyuma na wa mbele hajajongea, umefungua mlango wa chumba kisicho na mlango wa pili.

Usipande njia ya wapita kwa miguu. Kwenye jam ndiko watu wote wanatembea, na mama mwenye mzigo wa omena kichwani hana kioo cha nyuma.

Na kwenye mzunguko, kama KFA Nakuru au Kachok Kisumu?

Kama hujaingia, usiingie, hata kama zamu ni yako. Kama umeshaingia, usisimame ndani. Maliza, toka kwenye barabara uliyokusudia, songa mbele mita 20 au 30, ndipo ukae kushoto. Gari likisimama ndani ya mzunguko hufunga njia zote nne kwa pamoja, na matatu mbili zikijipenyeza kando yake basi kufungua fundo hilo ni kazi ya polisi.

Usijaribu kukisia ambulensi itatokea njia gani. Jua hospitali kubwa ziko wapi, utakuwa umepunguza kubahatisha: Nakuru nyingi huelekea Level Five, ambayo wazee bado wanaiita PGH, Kisumu nyingi hukata kuelekea Kondele kwa sababu ya hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wenyeji wanayoiita Russia. Wagonjwa wa rufaa kutoka Siaya, Busia na Vihiga huletwa huko.

Taa ni nyekundu na ambulensi iko nyuma yangu. Nivuke?

Usivuke. Wanaotoka pembeni wana taa ya kijani na huenda hawajasikia chochote. Jongea kushoto ndani ya mstari wako, funua nafasi ya kulia. Polisi wa trafiki akikupungia mkono upite, pita mara moja. Ishara ya afisa ina nguvu kuliko taa.

Ninaendesha lori kwenye milima ya A8. Nitasimamaje na mzigo wa tani 30?

Kupanda, usisimame. Lori lililojaa likisimama kwenye mwinuko wa Mau Summit au Timboroa huenda lisiondoke tena, na utakuwa umeziba barabara kwa gari zilizo nyuma pamoja na hiyo ambulensi. Ikiwa pana leni ya kupandia ya magari mazito, ingia humo na ubaki humo. Kama haipo, bana kushoto uendelee na gia yako.

Kuteremka, hasa mteremko wa Salgaa na Sachang'wan, tatizo ni breki. Umeshateremka kwa gia nzito, breki zina joto; king'ora kisikufanye ukanyage kwa pupa, wala usitie gari frii, yaani kulitoa kwenye gia, ili "umpishe haraka". Dumisha gia na mwendo ule ule, baki kushoto. Gari dogo la ambulensi litakupita kwa urahisi kuliko lori lako litakavyosimama.

Halafu kuna lugha ya indiketa. Madereva wa malori hapa kwetu huwasha kushoto kumwambia wa nyuma "njia ni wazi, pita" na kulia kumwambia "ngoja, kuna gari". Ni desturi tu, haimo kwenye sheria, na wa ambulensi anaifahamu vizuri. Kwa hivyo usimwashie kushoto kabla hujaona barabara ya mbele ni tupu kweli. Akipita kwa kuamini indiketa yako na kukutana na basi la usiku, ni wewe uliyemwita. Kama umekaa juu na unaona mbali kuliko yeye, msaidie kwa macho hayo. Kukiwa na ukungu, ambao Timboroa na Mau Summit haukosekani alfajiri, usimpe ishara yoyote ya kupita. Punguza mwendo ajiamulie.

Ambulensi inakuja mbele yangu, iko kwenye leni yangu. Inaruhusiwa?

Inalipita lori, na imekadiria kwamba utasogea. Sogea kushoto, punguza mwendo, zima taa kali ubakize za chini. Usimulike mulike taa kumgombeza. Usiku hilo humpofusha wakati anahitaji kuona nafasi ya kurudia. Wala usidhani kwamba ameshinda mashindano hayo kwa sababu ana king'ora: kama unaona hatamaliza, ongeza nafasi zaidi.

Wa upande wa pili wanapaswa kupisha sawa na wale wa nyuma yake, isipokuwa pale penye ukuta au mtaro mpana katikati unaotenganisha kabisa pande mbili.

Mbele yangu kuna trekta la miwa, tuktuk, au mkokoteni wa punda. Hawasikii.

Trekta la miwa linaunguruma kuliko king'ora, na mara nyingi mzigo umefunika kioo kama kipo. Maeneo ya Muhoroni, Chemelil, Mumias na Butali, wewe uliye nyuma ya trekta ndiye unayefikisha habari: honi fupi mara tatu, mkono nje ya dirisha ukionyesha kushoto. Usijaribu kulipita wakati huo huo ambulensi inapolipita. Trela za miwa huyumba, na mabua huanguka.

Mwenye trekta naye aweke kioo kinachozidi upana wa mzigo. Akiwa na msaidizi juu ya shehena, huyo ndiye sikio lake.

Tuktuk husikia vizuri kwa kuwa haina milango, ila hugeuka ghafla kwenye nafasi ndogo. Mpe mita kadhaa. Punda akishtuliwa kwa honi nyuma ya masikio husimama au huvuka barabara, kwa hivyo hapo acha honi. Mwenye mkokoteni atashuka amshike.

Mimi ni dereva wa matatu, niko stejini napakia.

Ukiwa stejini ndani ya nafasi yake, baki hapo hapo usitoke. Ukiwa umesimama juu ya lami, ambalo sote tunajua hutokea, ondoka uende mbele mpaka pana nafasi. Makanga afunge mlango. Asiteremshe wala kupandisha mtu mpaka gari lipite, na abiria asishukie upande wa kulia. Soko kama Luanda, lenye watu pande zote mbili za barabara, abiria mmoja anayekimbilia matatu husimamisha ambulensi kwa muda mrefu kuliko tuta.

Na bodaboda?

Toka kwenye lami kushoto, simama, mguu chini, abiria abaki ameketi. Ondoa vipokea sauti masikioni. Usipite katikati ya magari yaliyofungua uchochoro. Uchochoro huo haukufunguliwa kwa ajili yako, na ambulensi haiwezi kukupita ndani yake. Kusindikiza ambulensi kwa kupiga honi mbele yake, kama wafanyavyo vijana wengine kwa moyo wa kusaidia, humfanya dereva achunge roho mbili badala ya moja.

Je, naweza kuifuata nyuma ili nipite jam?

Hapana. Walioipisha wanarudi barabarani mara tu ikipita, na hawakutarajii wewe. Ikipiga breki ghafla utaingia ndani yake. Zaidi ya hapo, magari ya dharura mara nyingi huja mawili au matatu: zimamoto, kisha ambulensi, kisha Land Rover ya polisi. Wewe uliyejibandika nyuma ya la kwanza unalizuia la pili. Acha angalau mita 100, na ukiwa kwenye mwendo mkubwa acha zaidi.

Taa zinawaka lakini hakuna king'ora. Ni dharura au wanaenda kula?

Pisha. Mgonjwa wa kichwa au wa moyo huongezewa hofu na mlio, na usiku wahudumu huzima sauti wakipita penye nyumba. Mara nyingine ambulensi hutembea polepole kabisa na taa zikiwaka, hasa juu ya matuta, kwa sababu aliyebebwa ameumia uti wa mgongo. Mwendo mdogo si ishara kwamba hakuna haraka.

Isiyo na taa wala king'ora ichukulie kama gari la kawaida. Huenda inarudi kituoni tupu. Kuna madereva wanaotumia king'ora vibaya, hilo halifichiki. Ila ukiwa barabarani huna njia ya kumjua nani ni nani, na kosa la kumpisha mdanganyifu linakugharimu sekunde 10. Andika nambari ya gari, ulalamike baadaye kwa mwenye gari au kwa polisi.

Msafara wa viongozi, msafara wa mazishi, gari la kibinafsi lenye vimulimuli: nao nipishe?

Msafara unaoongozwa na polisi wa pikipiki: kaa kushoto, simama, ngoja mpaka gari la mwisho lipite. Usikadirie kwa kuhesabu. Magari huachana, na mara nyingi nyuma kabisa kuna ambulensi.

Msafara wa mazishi si dharura kisheria. Kuanzia Alhamisi na Ijumaa, A8 hujaa magari ya maiti na mabasi yanayoelekea Nyanza na Magharibi, hazadi zikiwaka, matawi yamefungwa kwenye bampa. Heshima ya kuwapisha ni utu wetu, lakini hawana haki ya kukupita kwenye kona, na hazadi zao humficha yule anayetaka kuwasha indiketa.

Gari la kibinafsi haliruhusiwi kufunga king'ora. Likija nyuma yako kwa kasi, kaa kushoto lipite kwa usalama wako mwenyewe. Kubishana nalo kwa bampa hakurekebishi sheria.

Mgonjwa ni wangu, niko na Probox. Naweza kuwasha hazadi na kukimbia?

Hali hii ni ya kila siku huku kwetu, kwa kuwa wengi hufika hospitali kwa teksi au boda. Wengine wakikuona wakupishe kama wanaweza. Lakini wewe huna msamaha wa mwendo wala wa taa nyekundu, na gari lako halina taa za kuonekana mbali. Tumia honi na taa za mbele, mtu mwingine ashike mgonjwa, wewe shughulika na barabara. Ikiwezekana piga simu ukiwa safarini mkutane na ambulensi njiani kwenye mahali panapojulikana, kama kituo cha mafuta, badala ya kila mmoja kumfukuza mwenzake.

Gari la zimamoto lina tofauti gani na ambulensi?

Uzito. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hivyo tangi la lita 5,000 ni tani 5 za maji juu ya uzito wa gari lenyewe, na maji hayo hucheza. Gari hilo halisimami ghafla, halikati kona fupi, na likiyumba linaweza kuanguka. Lipe nafasi mara mbili ya ile unayoipa ambulensi. Usikate mbele yake ukidhani litapiga breki.

Ukifika penye moto, usikanyage mpira wa maji. Ukiubana kwa tairi, anayeushika upande wa pili anakosa maji akiwa karibu na moto, kisha shinikizo hurudi kwa pigo linaloweza kumwangusha. Usiegeshe juu ya haidranti, yaani pale zimamoto wanapochotea maji, na barabara za mjini usiegeshe gari pande zote mbili hadi ikabaki nafasi ya pikipiki.

Chini ya Katiba ya 2010, zimamoto na huduma za ambulensi ni kazi ya kaunti. Ndiyo maana gari la msaada halifiki upesi: mara nyingi linatoka mji mkuu wa kaunti, likipita kwenye jam yote uliyomo.

Nimefika penye ajali kabla ya ambulensi.

Usiegeshe mkabala na magari yaliyogongana, maana umeifanya barabara kuwa leni moja. Peleka gari mbele ya ajali, mita 50 au zaidi, nje ya lami. Weka pembetatu ya onyo nyuma ya ajali, mbali vya kutosha kwa lori linaloteremka kuona na kusimama. Kama ajali iko nyuma ya kona, pembetatu ikae kabla ya kona. Waombe watazamaji wahamie upande mmoja. Kupiga picha ukiwa ndani ya gari linalotembea kumeleta ajali ya pili mara nyingi mno.

Kama ni tanki la mafuta limepinduka, kanuni zote hubadilika. Usikaribie. Huko Sachang'wan, Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 walikufa lori la mafuta lilipowaka wakati umati ulikuwa ukichota. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hufuata mtaro na mteremko, na injini ya pikipiki iliyo mbali inaweza kuuwasha. Geuza gari, kaa upande wa juu na upepo ukitokea nyuma yako, angalau mita 300. Tanki likiwa linawaka, mita 800. Usipite kando yake hata kama leni moja iko wazi, na umzuie anayekuja.

Sheria inasemaje, na itakuwaje ikinikwaruza nikiwa nimeipisha?

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, huondolea magari ya zimamoto, ambulensi na polisi kikomo cha mwendo pale ambapo kukifuata kungezuia kazi yao. Msamaha huo haumwondolei dereva wao wajibu wa kuangalia wengine. Wewe nawe huondolewi wako: ukigonga mtu kwa kisingizio cha kupisha, ni kosa lako.

Ikikukwaruza, usiifukuze. Andika nambari, saa, mahali na upande iliokuwa ikielekea, piga picha gari lako lilipo, kisha ripoti kituo cha polisi upesi, isizidi saa 24. Chukua abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuonyesha umeripoti, kwa ajili ya bima. Ambulensi yenye mgonjwa mahututi inaweza kuendelea na safari kwanza. Kutosimama kwake hapo hapo kusikufanye uanze vita barabarani.

Nikiita msaada mimi mwenyewe, niwarahisishieje kufika?

Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Taja kwanza mahali, kabla ya kusimulia kilichotokea, ili simu ikikatika wawe na pa kuanzia. Sema jina la barabara, upande ("wa kwenda Eldoret", "wa kuja Kisumu"), na alama ambayo mgeni anaweza kuiona: kanisa, shule, kituo cha mafuta, daraja. "Pale kwa akina Otieno" haitoshi. Kisha idadi ya walioumia, kama kuna aliyebanwa ndani, kama kuna moto au mafuta yanayomwagika.

Kama nyumba iko ndani kutoka barabarani, tuma mtu asimame penye njia panda. Usiku ashike tochi ya simu akiielekeza chini kwenye lami, asimulike macho ya dereva, na asimame upande ule gari litakaokunja. Lango liwe wazi, mbwa wafungwe, na Probox iliyoegeshwa kwenye kijia iondolewe kabla taa hazijaonekana.